Igizo Lililomwogopesha Anastasie

Mimi naitwa Docus, nauza ndizi sokoni Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Congo. Kila Jumamosi kikundi chetu cha maigizo hufanya mazoezi nyuma ya kanisa. Mwaka 2019 Ebola ilikuwa imeshika Beni, ng'ambo ya mpaka. Tuliogopa sana. Tukaamua kutunga igizo la kufundisha watu.

Kiongozi wetu, Eriya, anajua kuigiza kwelikweli. Lakini kichwa kigumu! Aliandika kila neno peke yake. Katika igizo lake, mwanamke Mkongomani anavuka mpaka na ugonjwa, majirani wanamfukuza kwa fimbo. Nafasi hiyo alimpa Aimée, mwenzetu aliyekimbia vita Congo.

"Kiongozi, hii iko mubaya," Aimée alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Batu betu bakiugua batajificha."

"Wewe sema maneno yako. Kiongozi ni mimi."

Na sisi wengine tukanyamaza. Naona aibu mpaka leo.

Tulicheza sokoni, watu wakacheka sana. Anastasie, muuza vitenge kutoka Beni, hakucheka. Alikunja vitenge vyake akaenda. Kesho yake Aimée alikuja mazoezini analia.

"Elise, mudogo wa Anastasie, iko na homa siku mbili. Amemufungia ndani. Anaogopa batamupiga fimbo."

Lo! Baluku, mpiga ngoma wetu, akauliza: "Eriya, ukicheza ngoma, mimi natazama nini?"

"Miguu yangu."

"Nisipotazama?"

"Nitajikwaa."

"Haya. Mimi ndiye ninayeongoza, lakini natazama miguu ya watu. Wewe unapiga tu. Aimée alikuonyesha, ukakataa kutazama."

Eriya aliinamisha kichwa. "Nisamehe, dada. Tufanye vipi?"

"Kwanza toa fimbo," Aimée alijibu.

Tukamwita Resty, mhudumu wa afya wa kijiji. Alitueleza: mgonjwa haguswi, lakini hafichwi wala hafukuzwi. Jirani apige simu mapema. Wahudumu watakuja na mavazi ya kujikinga. Hata ikiwa ni Ebola, anayetibiwa mapema ana nafasi ya kupona.

Siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri, tulicheza igizo jipya bombani, karibu na kwa Anastasie, ili asikie na afungue mwenyewe. Aimée alikuwa jirani anayepiga simu. Eriya alikuwa mgonjwa, amelala chini kwenye vumbi. Hakuna aliyecheka. Mlango ukafunguliwa.

"Niko na mugonjwa," Anastasie alisema. "Muite munganga wa hospitali. Lakini basimupige."

Resty alipiga simu. Sisi tulisimama mbali, hatukugusa kitu. Elise akapelekwa hospitali, akapimwa. Haikuwa Ebola. Ilikuwa malaria kali, na daktari alisema siku moja zaidi angekufa.

Eriya alipoambiwa, alikaa chini pale pale. "Nilikuwa karibu kumuua mtoto wa watu," alisema, "ili nichekeshe soko."

Siku hizi, kabla hatujacheza, anauliza: "Igizo hili litamuumiza nani?" Halafu anangoja. Hata tukichelewa, anangoja hadi kila mtu aseme.