Kondoo wa Sikio Nusu

Kila Jumamosi mchana, baada ya kuosha vyombo nyumbani, Apondi alikwenda kanisani Asembo Bay kutunza kondoo. Walikuwa kumi, wa mbao, kila mmoja akienea kiganjani. Watoto wa shule ya Jumapili waliwashika na kuwasogeza mezani Mwalimu Enos aliposimulia habari za mchungaji mwema. Apondi, mwenye miaka kumi na miwili, aliaminiwa kuwapangusa kwa kitambaa kikavu.

"Usiwatie maji," Mwalimu alimwonya. "Hawa ni wazee kuliko mimi. Walichongwa nyumbani kwetu, mama akiwa mwalimu hapa."

Jumamosi moja wenzake walikuwa wakimngoja wacheze kati, mchezo wa kukwepa mpira, na kitambaa kikamchelewesha. Akabeba sanduku lao hadi ufuoni mwa ziwa, akawamwaga wote majini awasuuze mara moja. Wimbi likaja, likarudi. Alipowakusanya, walikuwa tisa. Aliyekosekana ni yule mdogo, mwenye sikio nusu.

Alitafuta hadi miguu ikafa ganzi. Kisha akaenda jikoni, akachonga kondoo kwa kipande cha kuni, akamvunja sikio, akamlowesha kwenye chai ya rangi ili aonekane mzee.

Kesho yake watoto walipokezana kondoo. Hakuna aliyeshtuka hadi zamu ya Nabututu, msichana asiyeona. Alimgeuzageuza yule mdogo, akampapasa sikio.

"Huyu si yeye," akasema polepole. "Yule mwingine yuko wapi?"

Watoto walicheka. Apondi hakucheka.

Wiki nzima swali lile lilimfuata. Vijiko vilipogongana ndani ya karai, alisikia kondoo wakigongana sandukuni. Alipochota maji ziwani aliona kichwa kidogo kikiibuka kwenye magugu-maji. Akakirukia, kumbe kijiti. Hakula vizuri, hakulala vizuri. Ijumaa alipotoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Enos.

"Mwalimu, nilimpoteza ziwani. Mdogo aliyemo sandukuni sasa nilimchonga mimi, niwadanganye."

Mzee aliketi.

"Tisa alichonga mama," alisema. "Yule mdogo alichongwa na dada yangu Awuor, akiugua surua. Kisu kilimteleza kwenye sikio. Hakuishi kuchonga mwingine."

Apondi alilia. Siku iliyofuata darasa zima lilitafuta, na hata akina mama waliokuwa wakianika samaki wadogo wa omena walisaidia. Ziwa halikurudisha kitu.

Ndipo Mwalimu akampa Apondi kipande cha mbao nzuri, akamketisha karibu na Nabututu.

"Namkumbuka," Nabututu alisema, akipapasa mbao. "Mgongoni alikuwa na kibonde, hapa. Punguza. Bado. Punguza tena."

Walikaa hivyo alasiri tatu, Apondi akitoka malengelenge mikononi. Mwishowe Nabututu akamshika yule kondoo kwa viganja vyote viwili.

"Si yeye," alisema. "Lakini huyu hajifanyi kuwa yeye."

Mwalimu akamwambia Apondi aandike ndani ya kifuniko cha sanduku: *Mmoja alichongwa na Awuor. Apondi alimpoteza, akachonga huyu badala yake.*

"Uvivu ulikupeleka majini, nyathina, mwanangu," Mwalimu alisema wino ulipokauka, "lakini uongo ndio uliokunyima usingizi. Kama ungenyamaza, jina la dada yangu lingepotea pamoja na kondoo wake, wala nisingejua. Vitu tunavyofundishia watoto vimebeba watu waliovitengeneza. Vitunze. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo."