Wiki Sita za Mkate

Baba Chiriku alikuwa mwoka mikate. Alirudi nyumbani kila asubuhi watoto wakiamka, mweupe kwa unga mpaka kope, amebana mkate wa moto kwapani. Aliupasua katikati, akamchagulia binti yake ile sehemu laini ya ndani. Ganda walikula wengine.

Binti alikuwa na miaka miwili na nusu. Walimwita Chiriku kwa sababu alizungumza tangu anaamka mpaka analala. Lakini mwaka huo alinyamaza. Alihara kila siku, choo kingi chenye harufu mbaya. Tumbo likajaa kama ngoma, mikono ikabaki vijiti. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na vipimo havimdanganyi fundi. Katika miezi minne, gauni lile lile alilipunguza mikono mara mbili na kulipanua tumboni mara moja. Pindo hakuligusa. Mtoto hakuwa amerefuka hata nusu kidole.

"Ni maziwa," alisema bibi, mama yake baba. "Ugonjwa huu tunaujua. Si ndio ule wa kaka yake?"

Ni kweli kaka yake Chiriku aliwahi kusumbuliwa na maziwa ya ng'ombe. Alipoanzishiwa maziwa ya kopo akiwa na miezi mitatu, alitapika, akatokwa na vipele, akapata choo chenye damu. Walimwachisha, akapona. Sasa ana miaka saba na anamaliza kikombe kizima. Basi nyumba nzima ikajiona daktari. Chiriku akanyimwa maziwa. Badala yake wakamwongezea mkate, umelowekwa kwenye chai ili ushuke vizuri.

Akazidi kukonda.

Halafu tanuri la bekari likapasuka. Kwa wiki tatu hapakuwa na mkate. Walikula wali, viazi na mahindi. Choo cha Chiriku kikaanza kushika. Siku moja alimuuliza mama yake kwa nini sindano ina tundu. Mama akaacha kushona. Ilikuwa miezi tangu mtoto yule aulize kitu.

Tanuri likatengenezwa. Mkate ukarudi, na kuhara kukarudi nao. Mama hakungoja kuambiwa. Alimwondolea mtoto kila kitu cha ngano. Baba aliona ametukanwa. Alisema mkate huo ndio unaowalisha, na kama ungekuwa sumu, mtaa mzima ungekuwa makaburini. Wakawa hawasemezani ila kupitia kwa bibi.

Baada ya miezi miwili walimpeleka mtoto kituo cha afya, akapimwa damu. Jibu likaja safi.

"Si nilisema?" Baba alimwambia mkewe palepale. "Mkate wangu unasingiziwa."

Tabibu hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa kusikiliza kwanza kabla ya kushika kalamu. Aliuliza swali moja: mtoto alikula ngano mara ya mwisho lini?

"Miezi miwili hajaigusa," Mama alijibu kwa fahari.

"Basi kipimo hiki hakituambii kitu. Kuna ugonjwa unaitwa seliaki. Ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai zina protini inayoitwa gluteni. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe. Kipimo kinatafuta alama za vita hivyo. Wewe ulizima moto, ukaja kutafuta moshi."

Mama aliuliza kuhusu maziwa. Tabibu akaeleza polepole. Tatizo la protini ya maziwa mara nyingi huanza katika miezi ya mwanzo, mtoto anapokutana na maziwa, na wengi hupona wanapokua. Seliaki huja baada ya mtoto kuanza kula ngano. Humkondesha na kumdumaza kidogo kidogo, na haiponi. Anayeugua huacha gluteni maisha yake yote. Tena utumbo ulioumizwa na seliaki unaweza kushindwa hata maziwa kwa muda. Ndiyo maana watu huchanganya.

"Kwa macho hakuna awezaye kuyatofautisha," alisema. "Si bibi, si wewe, si mimi. Mtoto akivimba uso au akishindwa kupumua baada ya kula, hapo usingoje, mkimbize hospitali. Lakini kwa kuhara na kukonda, usimwachishe chakula kwa kubahatisha. Mlete akiwa bado anakila."

"Na sasa?"

"Arudie mkate. Kila siku, wiki sita. Nitampima uzito kila wiki. Akizidiwa, tunasimama."

Mama alimtazama. "Unaniambia nimlishe kinachomla."

"Ndiyo. Bila jibu, kesho mtu atakushinda maneno, na mtoto atarudishiwa mkate bila anayemwangalia."

Siku ya kwanza Baba alikata kipande mwenyewe, akipiga mluzi. Wiki ya pili kuhara kulirudi. Wiki ya tatu Chiriku alinyamaza. Wiki ya nne Baba alikata kipande, akakiweka kwenye sahani, akatoka nje.

"Mlishe wewe," alisema akiwa mlangoni. "Mimi siwezi."

"Kumbe mimi ndiye ninayeweza?"

Lakini alimlisha. Lililomuuma zaidi ni kwamba mtoto hakukataa. Alifungua mdomo, kwa kuwa aliyeshika mkate ni mama yake.

Wiki ya sita damu ilijibu wazi. Hospitali kubwa walichukua kipande kidogo sana cha utumbo ili wakikague, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Ilikuwa seliaki. Tabibu alisema ugonjwa huu hutembea katika ukoo, kwa hiyo wote wapimwe. Wazazi na kaka walikutwa salama.

Bibi alikuwa amefuatana nao, akasikiliza yote. Kisha akasema, "Nilikuwa na binti kabla ya huyu mwanangu. Tumbo hilo hilo, mikono hiyo hiyo. Watu walisema amerogwa. Nilimlowekea mkate mpaka siku aliyokufa."

Tabibu hakumwambia kwamba mkate ndio uliomuua. Hakuna awezaye kujua sasa. Hakumwambia pia kwamba sio. Alimsogezea kiti.

Tangu siku hiyo mkate haukuingia tena nyumbani. Sufuria, mwiko na kibao cha kukatia vilinunuliwa vipya. Mahindi yakasagwa kwenye mashine isiyosaga ngano. Mama akajifunza kusoma maandishi madogo ya kila pakiti. Maziwa yalirudi baada ya miezi mitatu, kwa ruhusa ya tabibu, na hayakuleta shida yoyote. Baba akawa anaoga bekari na kuacha nguo za kazi hukohuko.

Mwaka haujaisha, Mama alilifumua lile gauni. Akaachia mikono, akashusha pindo, kitambaa cha akiba kikaisha. Ikabidi akate jipya.

Sasa asubuhi Baba akifika, Chiriku humzuia mlangoni.

"Umeoga?"

"Nimeoga."

"Na kope?"

Baba hufumba macho, huinama, akakaguliwa.