Mfuniko Uliotiwa Gundi

Kabla sijasimulia ya fundi saa, acha nikiri yangu. Mimi ndiye niliyemtuma akachukue ile kutu. Nauza madaftari, kalamu na vitu vya kuchezea, na kwenye rafu ya juu kabisa huweka maboksi ya vifaru vya vita vya plastiki, vile vya kuunga kipande kwa kipande kwa gundi. Fundi saa alipolalamika kwamba kifaru chake kimetoka kinang'aa kama sabuni, nilimwambia wanaoijua kazi hii hupaka vumbi la kutu ya kweli, tena nikamwelekeza pa kulipata: kwenye gofu la kifaru kilichoungua zamani, nyuma ya tanuru la matofali. Nilijua kwamba askari wanne waliteketea humo ndani, mfuniko wa kutokea ukiwa umekwama. Hilo sikumwambia. Nilitaka kazi nzuri ya kuweka kwenye dirisha la duka langu, basi. Mungu anisamehe. Yaliyofuata nayaeleza kama alivyonieleza mwenyewe, na chumvi sijatia.

Fundi saa alikuwa mtu mpole, na kiburi chake kilikuwa kimoja tu: mikono yake. Siku alipokuja kuchagua boksi nilimshauri aanze polepole.

"Chukua chenye vipande mia hivi," nikamwambia, "minyororo ya mpira, ndani hakuna kitu. Ukimaliza bila kutukana, rudi uchukue kikubwa."

"Kaka, mimi nafungua saa za kike zenye skrubu ndogo kama chawa. Utanitisha na midoli?"

Akabeba boksi kubwa kuliko yote: vipande mia saba na ushei, injini yake ndani, viti vyake ndani, kila pingili ya mnyororo inaungwa peke yake, na askari wanne wa kukalishwa humo, hakuna anayezidi kidole cha mwisho kwa urefu.

Wiki sita alikuwa nacho kwenye meza ya chumba cha nyuma ya duka lake, kioo cha kukuzia kimebana jichoni, kibano mkononi, anakata vipande kwenye fremu za plastiki vinakokuja vimeshikamana, anavipiga msasa, anavipuliza. Ukuta wa chumba kile ulipakana na jiko. Mkewe alikuwa akipitisha kichwa mlangoni anamchokoza. "Mwenzenu nimeletewa mke mwenza," akiwaambia mashoga zake, "wa plastiki, halafu hali, hachoki, na mume anamwangalia kwa kioo. Mimi hajawahi kuniangalia kwa kioo."

Siku aliyorudi na kutu kutoka kwenye lile gofu, nusu kopo, alikuta mabonge yake ni makubwa. Mikono yake ilikuwa na gundi, kwa hiyo akamwomba mkewe amsagie kwenye kile kinu kidogo cha viungo. Mama wa watu akatwanga huku anakohoa, vumbi jekundu limemjaa puani.

"Hii kutu yako inanuka nyama iliyoungua."

"Dizeli hiyo, mke wangu."

"Dizeli naijua. Hii nyama."

Akapaka. Kifaru kikawa kifaru kweli, ukikitazama unasikia uzito wake. Lakini askari alipowagusisha lile vumbi, rangi ya nyuso ikateremka. Vinywa alivyovichora vimefumba vikaonekana vimeachama, na macho yakachimbika. Alifuta, akarudia, vikaachama tena. Karatasi ya maelekezo ilisema mfuniko wa juu uachwe wazi ili watu waone ndani. Yeye akaona haya. Nani ataiona kazi ile mbaya halafu aendelee kumwita fundi? Akaukandamiza mfuniko na kuuzungushia gundi pande zote, akaiacha ikauke.

Kesho yake, saa nane mchana, jua linawaka na mtaa umejaa watu, akasikia sauti mezani. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

Hakuogopa. Kila anayeunga vitu hivi anaijua aibu ya kipande kuachia ndani baada ya kufunga. Akajisemea, askari mmoja kabanduka. Akakinyanyua kifaru, akakiweka sikioni, akakitikisa kwa nguvu mara mbili ili asikie kinagonga upande gani.

Jikoni kukalia kishindo, kisha kingine, kisha sufuria zikamwagika.

Alimkuta mkewe chini, paji la uso limepasuka, damu imeziba jicho moja.

"Nani kanisukuma?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo. "Huku na huku. Ukuta huu, na ukuta ule. Nani yumo humu?"

"Umeteleza."

"Mtu hatelezi mara mbili, baba."

Akamfunga kitambaa, akamlaza, akamwita shemeji yake. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa miraba minne, wenyewe wakimwita Bonge. Bonge akamtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, na yale aliyoyafikiria yalikuwa usoni mwake wazi.

"Umempiga."

"Wallahi sijamgusa. Kuna kitu kimelegea ndani ya kile kifaru, nilikuwa nakisikiliza tu, ngoja nikuonyeshe." Akakichukua, akakitikisa mara moja.

Chumba cha kulala kilikuwa mbele ya macho yao, mlango wazi. Waliona wote wawili. Yule mwanamke alinyakuliwa kitandani akiwa amelala, kama vile kitanda kimemtema, akaupiga ukuta kwa mdomo, akaanguka, na meno mawili yakatangulia sakafuni kabla yake.

Fundi saa akakiweka kile kifaru mezani taratibu kuliko alivyowahi kuweka saa yoyote maishani. Sasa alijua. Alichokifanyia kifaru kilimfika mkewe.

Ko, ko, ko. Na safari hii mkewe naye, pale sakafuni, alikuwa anagonga hewa kwa viganja, juu ya uso wake, kama mtu aliyelala chini ya bati, na viganja vikaanza kuvimba malengelenge, yakapasuka, yakavimba tena, na ile harufu ya nyama ikajaa nyumba nzima, na mdomo wake uliojaa damu ukatoa sauti za wanaume, si mmoja, zinapokezana kwa kunong'ona: "Fungua. Kunaungua. Fungua, nakuomba, fungua."

"Toka hapo," Bonge akasema, na tayari ana nyundo.

"Usikipige!"

"Nakisaga!"

"Utamsaga yeye! Bonge, utamuua dada yako!"

Walipigana mle chumbani kama maadui, fundi saa mwembamba akining'inia kwenye mkono wa dereva, akamng'ata bega mpaka akaonja damu, Bonge akampiga ngumi ya mbavu zikalia, akamtupa juu ya kabati la saa, vioo vikamwagika, na kabla hajainuka nyundo ilishashuka. Haikupiga sawasawa. Iligusa mzinga tu, ule mdomo mrefu wa kifaru, ukakatika katikati, na sekunde hiyohiyo mkono wa kulia wa mwanamke ukavunjika mbele yao bila kuguswa na mtu, chini ya kiwiko, mfupa ukachungulia nje mweupe.

Bonge akaiachia nyundo. Akakaa chini akalia kama mtoto.

Aliyekuja kuwasaidia alikuwa mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mama aliyezalisha nusu ya watu wa pale, naye akijulikana kwa kusomea wagonjwa dua. Aliufunga mkono kwa vijiti na vitambaa kwanza, ndipo akauliza. Walipomweleza yote, mpaka kinu, alitikisa kichwa.

"Wale wanne wako kwa Mola wao, hao msiwasingizie. Lakini kila mtu ana jini anayetembea naye. Watu walipokufa mle, majini yao yalibaki, yamefungiwa. Na wewe baba, umeyachimbua, umemvutisha mkeo, umeyafanyia viwiliwili vya kukaa, halafu umeyafungia tena mlango. Kwa sababu gani?"

Fundi saa akainamisha kichwa. "Niliona haya. Nyuso ziliniharibikia."

"Basi fungua. Kwa mkono wako. Usivunje, usitikise. Na mkeo akipiga kelele usisimame, maana ukisimama katikati ataungua mwili mzima."

Akavaa kioo chake. Akachukua msumeno wa saa, mwembamba kama unywele, akauingiza kwenye mstari wa gundi, na pale pale mkewe akapiga ukelele na mstari mwembamba wa damu ukajichora kwenye kifua chake, na kila fundi alipovuta msumeno mstari ule ulisogea, na mkunga akisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na Bonge akimshikilia dada yake ambaye sasa alikuwa na nguvu za watu wanne, anampiga kichwa puani, anamng'oa nywele, anamzamishia kucha shavuni mpaka kwenye fizi, na fundi saa akilia bila kufuta machozi kwa kuogopa mkono usiende upande, akikata, akikata, huku anatubu kwa sauti kila dhambi aliyoikumbuka tangu utoto, mpaka gundi ikaachia na mfuniko ukainuka wenyewe, kutoka ndani.

Moshi mdogo ukatoka, mweusi, wa mafuta.

"Watoe," mkunga akanong'ona. "Mmoja mmoja."

Akamtoa wa kwanza kwa kibano. Plastiki ilikuwa imeyeyuka, uso hamna, kinywa kitupu. Mkunga akamsomea, akamtia kwenye bakuli la maji, maji yakachemka. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo, na mkewe akatulia, akapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Fundi saa akainama kumtafuta wa nne. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Palikuwa na viatu tu, vidogo, vimeng'ang'ania gundi, vimekatika usawa wa vifundo vya miguu, kama mtu aliyejing'oa.

Wakatafuta chini ya meza, ndani ya vioo vilivyovunjika, kwenye matandiko, kwenye mikunjo ya nguo zao. Hamna.

Bonge akasimama, damu inamtiririka shavuni, akaenda kusukuma mlango wa chumba ili majirani wasichungulie.

"Usifunge," mkewe fundi akasema. Macho yake yalikuwa yamefumba. Sauti ilikuwa yake, ile anayoitumia kuomba maji. "Yupo, ndani yangu. Ametulia. Uache hivyo hivyo."

Yule mke wa fundi yu hai, namshukuru Mungu, na mkono umeunga, ingawa vidole viwili havikunji. Jioni ile ile fundi saa alitoa milango yote kwenye bawaba, ya mbele, ya nyuma, ya chumbani na ya chooni, akatundika mapazia. Makabati pia hayana milango. Mara moja tu, mpwa wao mgeni alifunika sufuria ikiwa jikoni, na mama huyo akakutwa uani ameshika koo, ngozi ya shingo imebabuka kwa umbo la vidole.

Saa yako ikiharibika utampelekea yeye, najua, kwa sababu hapa mjini hakuna fundi kama yule. Nenda, usiogope, ni watu wema na watakukaribisha ndani. Nakuomba jambo moja: chochote utakachokikuta kiko wazi katika nyumba ile, kiache wazi.