Mtihani wa Lori Aliolipiwa Mama Pacha

Jirani zangu, haya niliyaona kwa macho yangu, na wenyewe wameniruhusu niyaseme ili yasimpate mwingine.

Nyumba tuliyopanga ina vyumba sita. Cha mwisho walikaa Baba Pacha, fundi seremala, na mkewe Mama Pacha, dereva wa pikapu ya bekari. Kila asubuhi mke alipanga kreti za mikate huku mume akimfutia kioo cha gari, na mapacha wao wakigombania zamu ya kupiga honi. Tulikuwa tukiwatania kwamba ndoa yao haina kelele ila ya honi.

Kisha bekari ikanunua lori. Tajiri akamwahidi Mama Pacha ufunguo na mshahara karibu mara mbili, mradi apate leseni ya lori kabla ya mwezi kwisha. Nanyi mnajua, leseni ya gari dogo haikupi ruhusa ya kushika lori. Kila aina ya gari ina mtihani wake, na kila mtihani una ada yake. Ya lori ni nzito, tena lori la kufanyia mtihani unakodi mwenyewe. Ukianguka, unalipa vyote upya.

Mama Pacha alilipa akiba ya miezi minane. Kurudi nyuma aliweza, kuegesha aliweza. Mlimani ndiko kulikomshinda: aliposimama na kutakiwa kuondoka, lori liliserereka nyuma. Mtahini, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alimwambia akajifunze mlima, kisha arudi.

Siku ile alifua sare za watoto akilia kimya kimya, akidhani hakuna anayemwona. Mumewe alimwona, akashindwa kuvumilia. Kesho yake aliuza mashine yake ya randa, akamfuata dalali mmoja anayezurura kwenye lango la ofisi ya leseni. Alichotozwa kilikaribia ada ya mtihani wa pili pamoja na masomo ya wiki mbili. Lakini dalali alimhakikishia kwamba kwake hakuna kuanguka, na hilo ndilo Baba Pacha alilotaka kununua.

Leseni ilipofika, Mama Pacha aliigeuzageuza mkononi.

"Nimefaulu lini?" akauliza.

Mume akasema ofisi imehesabu uzoefu wake wa miaka tisa. Mke akaitia leseni kwenye pochi. Hapo, jirani zangu, walikosea wote wawili, mmoja kwa kusema na mwingine kwa kunyamaza.

Wiki ya tatu, lori likiwa limejaa mikate, mkokoteni uliokuwa mbele ulisimama katikati ya mlima. Mama Pacha akafunga breki. Alipotaka kuondoka, lori lilianza kurudi nyuma, kwanza taratibu, halafu kwa kasi, hadi likapanda ukingo wa barabara mahali alipokaa mzee mshona viatu. Mzee aliwahi kumsukuma mteja wake pembeni. Mguu wake mwenyewe hakuwahi kuuvuta.

Ulivunjika sehemu mbili. Polisi walitafuta kumbukumbu za mtihani wasizione. Baba Pacha alikimbilia kituoni na vumbi la mbao nywelani, akaapa kwamba mkewe hakujua lolote. Mama Pacha akamshika mkono.

"Nilijua, baba watoto," akasema. "Niliogopa tu kukuuliza."

Walitozwa faini wote wawili. Mke alifungiwa kuendesha gari lolote kwa mwaka mzima, na kazi ya bekari ikaota mbawa. Gharama za hospitali ziliwarudisha kwenye kula mlo mmoja kwa siku. Hata hivyo hawakumtupa yule mzee. Mume alimchongea magongo, mke akamfulia na kumpikia mpaka akaweza kusimama.

Siku moja Mama Pacha alimwambia kwamba hatagusa tena usukani maishani. Mzee akajipapasa mguu.

"Mwanangu, mguu umeunga," akasema. "Rudi barabarani. Ila safari hii urudi unajua."

Mwaka ule wa kufungiwa ulipokwisha, alijifunza mlima ule ule kwa wiki sita, akalipa ada kwa fedha za kufulia watu nguo. Mtahini alikuwa yule yule. Lori lilisimama mlimani kimya, kisha likapanda bila kurudi hata unyayo mmoja. Mumewe alikuwa akimsubiri langoni, hathubutu kuuliza.

"Mtihani huu ni wangu," Mama Pacha akamwambia, na hapo ndipo Baba Pacha alipolia.

Funzo

Ada ya mtihani ni kali, sikatai, na tajiri anayetaka dereva wa lori angefaa amchangie. Lakini leseni ya kununua haishiki breki. Anayeilipia ni mtu aliyekaa kando ya barabara, ambaye hakuulizwa. Nawe unayempenda mwenzio, usimkinge na kuanguka kwa kumdanganya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mfute machozi, msindikize akajaribu tena.