Kiti cha Macho

Magari mengi ya kwetu Lubumbashi yana usukani upande wa kuume, kwa sababu yanaingia kupitia Zambia, nasi barabarani tunapita upande huohuo wa kuume. Mwenyeji haoni ajabu. Dereva anakaa pembeni, karibu na majani, na lori likiwa mbele yake haoni kitu kingine isipokuwa matako ya lori. Ndiyo maana abiria wa mbele, yule wa kushoto, ana kazi. Yeye ndiye anayeiona njia. Yeye ndiye anayesema "bado", na yeye ndiye anayesema "pita".

Madereva wa taksi za njia ya Likasi wanakiita kiti hicho kiti cha macho. Mlevi hapewi. Mtu anayesinzia hapewi.

Mimi na mume wangu Edmond tulijuana nikiwa nimekalia kiti hicho. Sikuwa na mazoea ya kusema mbele ya watu, hata leo sina. Aliponiuliza kama njia iko wazi, nilishindwa kujibu. Basi niliweka mkono wangu juu ya mkono wake wa kushoto. Mkono ukikaa, bado. Mkono ukiondoka, pita. Alicheka mpaka Likasi. Baadaye akanioa, na desturi ile ikabaki kuwa yetu. Kituoni waliniita Bubu ya Edmond. Sikukasirika. Neno lile "pita" sijawahi kumwambia hata siku moja.

Siku ya kwanza ya mambo haya ilianza vizuri. Nilimpelekea Edmond bukari, yaani ugali, na dagaa wa kapenta kituoni, mtoto wetu Gradi akiwa mgongoni. Alikuwa ameanza kutembea, lakini alikuwa bado hajasema neno.

Ulikuwa mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi. Watu wa Mashariki walifika mjini kila siku na mabunda yao, na redio zilizungumza bila kupumzika. Papa Edouard, mwenye magari, alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo. Duka na ghala lake la Goma vilikuwa vimekwisha. Alibaki na magari haya ya Likasi tu, na alianza kuyatazama kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto.

Siku hiyo alikuwa amebadilisha vioo vya ndani, vile vya redio vilivyo kando ya usukani. Vile vya zamani vilikuwa vidogo, vyenye maandishi ya Kijapani ambayo hakuna aliyeyasoma, na vidude vya kubonyeza ambavyo vidole vilivijua. Vipya vilikuwa vikubwa, vyeusi, laini, bila hata kidude kimoja. Kila kitu kilikuwa ndani ya kioo. Kwenye kioo cha pembeni, kushoto, fundi alikuwa amefunga kamera. Itaona kile dereva asichokiona, na itamwambia lini apite.

"Haya njo maendeleo!" Rigobert alisema, akikifuta kioo chake kwa mkono wa shati. Alikuwa dereva kijana kuliko wote, na mwenye kelele kuliko wote. "Sasa ule wa mbele anaweza kulala. Hata bibi yangu anaweza kulala, akorome mpaka Likasi!"

Jérémie, mtu mzima wa asili ya Kasai, hakucheka. "Ile ya zamani nilikuwa natafuta na kidole tu, macho iko ku njia. Hii inaomba niiangalie yeye. Sasa niangalie nini? Njia ao yeye?"

"Papa Jérémie, weye hata telefone yako iko na tochi tu."

"Tochi haisemake 'pita'."

Watu walicheka. Mama Hortense, anayeuza mikate hapo kituoni, alichungulia dirishani, akarudi nyuma. "Ile ni jicho yenye haifungake," alisema, akarudi kwenye beseni lake.

Gradi alikuwa analia tangu nyumbani. Edmond alipowasha gari, kioo kikawaka, na mtoto akanyamaza. Akanyoosha shingo juu ya bega langu. Akakitazama kama anayemtambua mtu.

Mwanzoni sauti ilikuwa ya mwanamke wa Kizungu. "Passez," ilisema taratibu, yaani pita. Madereva walimwiga na kumpa majina. Lakini asubuhi moja Rigobert alifika kituoni akiwa amepunguza kelele.

"Imejua Swahili," alisema.

"Nani aliifundisha?" Edmond aliuliza.

"Hakuna. Inasema 'Pita, Rigo'. Na sauti si ya ule Muzungu. Ni ya mama mumoja wa Makomeno, nilimubeba juma yenye ilipita."

"Ulimupigia telefone?"

Rigobert alitazama chini. "Banasema alikufa."

Siku ile hakukifuta kioo.

Rigobert alikufa mchana huohuo, jua likiwaka, mahali ambapo barabara imenyooka na hata mtoto angeweza kupita. Mtu mmoja wa kiti cha nyuma alipona. Alisema mbele yao kulikuwa na lori, na ndani ya kioo barabara ilikuwa nyeupe, tupu, haina hata baiskeli. Sauti ikasema pita. Rigobert akapita. Mtu wa kiti cha macho alikuwa amelala, kwa sababu Rigobert mwenyewe alimwambia alale.

Tulimzika. Tukitoka makaburini, Jérémie alikuwa amebeba wazee katika gari lake. Njiani alisimama ghafla, akashuka, akaacha mlango wazi. Alitembea kwa miguu mpaka kwa Papa Edouard, akaweka ufunguo mezani.

"Rigobert ameniita," alisema. "Ametoka kuniambia nipite. Anacheka."

Papa Edouard hakumtazama. "Mwenye hataki kioo, aache ufunguo. Mimi sina kitu kingine tena."

Jioni ile Edmond alikaa nyumbani, hapa mtaani Hewa Bora, akaisukuma sahani.

"Usiende," nilimwambia.

"Nikikatala, kesho mwengine atakuwa ku kiti yangu. Batu banatoka Mashariki kila siku, kila mumoja anatafuta kazi."

"Zima kile kioo."

"Mwenye gari amekatala."

Nilitazama mikono yangu. Nilijisikia kitu ambacho hakikuwa woga. Kilikuwa cha moto zaidi. Kile kioo kilikuwa kimekalia kiti changu.

"Basi kiti cha macho ni changu," nilisema. "Kesho tunaenda wote."

Tulitoka asubuhi, Gradi akiwa mapajani mwangu, kwa maana alikuwa bado ananyonya. Nyuma kulikuwa na wanaume watatu. Kabla gari halijaondoka, nilitoa kitenge changu nikafunika kioo, nikachomeka ncha zake pembeni.

"Mama, unafunika télé?" mmoja wa nyuma aliuliza. "Iko na baridi?"

Wenzake wakacheka. Sikujibu. Niliweka mkono juu ya mkono wa Edmond.

Tulipita malori mengi vizuri. Mkono ukikaa, tunangoja. Mkono ukiondoka, tunapita. Edmond alianza hata kupiga mluzi. Gradi akaanza kusumbua, nikamwimbia polepole, ule wimbo mdogo wa kumwambia baba yake yuko njiani anarudi. Sikuimba kwa nguvu.

Kumbe si sisi peke yetu tuliokuwa tukiusikiliza.

Baadaye tulifika nyuma ya lori lililobeba shaba, refu, linalotupa vumbi. Mbele sikuona vizuri. Mkono wangu ukakaa.

"Pita, Edmond."

Ilikuwa sauti ya Rigobert. Ilikuwa na kile kicheko chake mwishoni. Mluzi wa Edmond ukakatika. Mkono wangu ukakaa.

"Pita, papa." Sauti ya mwanamke mzee, labda yule wa Makomeno, ya upole, kama anayekutuma sokoni.

Nyuma hakuna aliyecheka tena.

"Pita, chauffeur, tunachelewa!"

"Nani anasema?" Edmond aliuliza bila kugeuka.

Yule mtu wa mzaha akanong'ona. "Ile ni sauti yangu. Miye sikusema kitu. Papa, ile ni sauti yangu."

Mkono wangu ukakaa.

Kisha kioo kikanyamaza. Nilitazama kitenge. Hakukuwa na upepo, madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Kitenge kiliingia ndani kidogo. Kikatoka. Kikaingia. Kikatoka. Kama kitambaa kilicho mbele ya mdomo wa mtu anayepumua.

Gradi alikuwa anakitazama. Alikuwa halii. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Pita, baba Gradi."

Sauti hiyo ilikuwa yangu.

Ilikuwa yangu kabisa, na ile pumzi ndogo ninayovuta kabla ya kusema. Nilihisi usukani unageuka. Nilihisi gari linatoka nyuma ya lori, pole, pole. Nilitaka kupiga kelele, lakini ningesema nini? Angesikia sauti ileile. Kila neno ambalo ningelitoa lilikuwa tayari limeibwa.

Nikaukaza mkono. Nikaukaza mpaka kucha zikaingia.

Edmond akautazama mkono wangu. Akaelewa. Mke wake hajawahi kumwambia pita.

Akarudisha usukani. Lori jingine likatoka mbele, ndani ya vumbi, bila taa, likipiga honi ndefu. Lilipita karibu sana hata kioo cha pembeni cha kushoto kikang'olewa, pamoja na kamera yake. Vipande vikagonga mlango wangu.

Kamera ilikuwa imekwenda. Waya ulikuwa unaning'inia.

"Pita," sauti yangu ikasema chini ya kitenge. "Pita. Pita. Pita."

Edmond alisimamisha gari majanini. Wale wa nyuma wakashuka wakikimbia, mmoja akiacha viatu. Nilimpa Edmond mtoto. Nikavuta kitenge. Ndani ya kioo kulikuwa na barabara nyeupe, imenyooka, na pembeni ya barabara watu wamesimama, wamenyoosha mikono kama wanaosimamisha taksi. Rigobert alikuwa wa kwanza. Karibu naye palikuwa na nafasi.

Nilijua nafasi ile ilikuwa ya nani.

Nikaingiza vidole pembeni ya kioo, nikavuta. Nilitegemea kupambana. Kilitoka kama jino la mtoto. Nyuma yake, zile nyaya ambazo fundi alikuwa amezifunga mwaka huohuo zilikuwa zimekatika, zimeota kutu, na utando wa buibui ulikuwa juu yake.

Nilikifunga katika kitenge, uso ukitazama chini. Tulirudi mjini nyuma ya malori yote. Hatukupita hata moja.

Kituoni kulikuwa na madereva, Mama Hortense, na Papa Edouard amekaa kwenye kiti chake cha plastiki. Nilikwenda mpaka mbele yake. Nikaweka lile furushi chini ya miguu yake.

"Bubu ya Edmond ana neno," mtu mmoja alisema.

"Niko nalo," nilisema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza wao kunisikia. "Papa Edouard, gari iko yako. Kioo iko yako. Edmond, apana. Ule ni wangu. Ukitaka ufunguo, njo huu. Lakini ile kitu hairudi mu gari yenye bwana yangu anaendesha, hata Likasi yote ije kunibembeleza."

Nilingoja anitukane. Papa Edouard aliliangalia furushi. Nilipomwona karibu, niligundua kwamba hakunyoa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ya mu gari yangu pia inasema," akanong'ona. "Inanitumia sauti ya mulinzi wa ghala yangu ya Goma. Inasema nirudi, njia iko wazi." Akajifuta uso. "Nilikuwa nataka kuamini, mama Gradi."

"Haiko wazi, papa," nilimwambia.

"Najua." Akausukuma kwa kidole ule ufunguo niliokuwa nimemnyooshea. "Chukueni. Mutoe zote."

Walivitoa siku ileile, wakavivunja kwa nyundo, wakavichoma kwa makaa nyuma ya kituo. Jérémie aliitwa, akarudi na tochi yake. Leo mtu wa kiti cha macho anakatazwa kulala, na neno "pita" limekufa kituoni kwetu. Kila mmoja anagusa mkono wa dereva, hata wanaume wakubwa. Wa vituo vingine wanawacheka. Wacheke.

Ningetaka kuishia hapo.

Lakini juma lililopita nilitoka kununua makaa ng'ambo ya barabara. Ilikuwa saa za asubuhi, watu wengi, wanafunzi na sare zao. Gradi alikuwa mgongoni, amelala. Nilisikia pumzi yake kwenye shingo yangu, nzito, ya mtoto aliyelala kabisa. Nilisimama ukingoni. Basi moja lilikuwa limeegeshwa kushoto, likinizuia kuona. Niliinama ili nichungulie.

"Pita, mama."

Ilitoka nyuma ya sikio langu. Ilikuwa na ile pumzi yangu ndogo mwanzoni.

Gradi hajasema neno mpaka leo. Nilipomgusa shavu, lilikuwa na joto, na macho yake yamefungwa. Midomo yake tu ndiyo ilikuwa inacheza.

Nilikaza kitenge. Nikaweka mkono wangu nyuma, juu ya mgongo wake, nikauacha hapo.

"Bado," nilisema kwa nguvu, hata wanafunzi wakageuka kunitazama.

Lori la shaba likatokea nyuma ya basi, likaenda na vumbi lake. Barabara ikawa tupu, nyeupe kwa jua.

Sikupita.