Picha ya Kwanza ya Mkanda

Kila Jumamosi Salha aliondoka Makambako na mjomba wake Nasiri kwenda kupiga picha vyumba. Ilikuwa mwaka 1995. Maduka yalikuwa yamejaa bidhaa za nje, na wenye uwezo mjini Njombe walikuwa wakikarabati nyumba za baba zao. Mafundi walitaka picha za vyumba kabla na baada ya kazi. Salha alishika shuka jeupe karibu na dirisha ili mwanga ufike kwenye pembe zenye giza.

Jumamosi moja walikuwa Mjimwema, mtaa wa Njombe, sebuleni kwa Bwana Nathanieli. Fundi Ezekia alikusudia kubomoa dohani ya kutolea moshi Jumatatu.

"Anza na ufa huu wa ukutani," alimwambia Nasiri. "Nisije nikaambiwa nimeuleta mimi."

Baada ya picha ya mwisho, wanaume walitoka kunywa chai. Fidelia, binti wa mwenye nyumba, aliitazama kamera mezani.

"Wewe mbeba shuka, unajua hata kilichomo humo?"

"Nakushinda wewe!" Salha alijibu, akaifungua kamera kwa nyuma. Mkanda wa picha ulikuwa haujarudishwa kwenye kopo lake. Mwanga ukaupiga, nao huunguza picha zisizosafishwa. Akaifunga upesi.

"Kamera salama?" Nasiri aliuliza aliporudi.

"Salama, mjomba."

Wakati huo dohani ilikuwa bado imesimama.

Jumatatu Ezekia alipotoa matofali ya dohani, ukuta ulimeguka penye ufa. Bwana Nathanieli akasema ukuta wake ulikuwa mzima.

"Subiri picha, mzee," Ezekia alisema.

Picha zikarudi kutoka Iringa zikiwa nyeupe tupu. Bwana Nathanieli alizinyanyua mbele ya majirani.

"Huu ndio ufa wako? Nionyeshe!"

Watu wakacheka. Ezekia aliamriwa kuujenga ukuta upya bila ujira, katika baridi ya Julai. Wapita njia walimwita Fundi Mweupe. Hata vibarua wake walimwita hivyo. Kazi aliyoahidiwa Lugarawa akapewa fundi mwingine.

Jumamosi ya pili, walipopita tena Mjimwema, Salha aliona viganja vya Ezekia vimepasuka, saruji imeingia ndani ya vidonda. Fidelia alikuwa mlangoni. Naye alijua, naye alikaa kimya. Salha akamwambia mjomba wake kila kitu.

Nasiri hakumpiga wala hakumbembeleza. Alitoa mkanda uliosafishwa mfukoni, akauinua dirishani. Picha ya kwanza hujiviringa ndani kabisa, chini ya nyingine zote. Mwanga ulikuwa umeula kingo zake tu. Katikati, ufa ulionekana. Kule Iringa hawakuichapisha, wakidhani mkanda wote umeharibika.

Picha hiyo ilipochapishwa, Salha aliambiwa amkabidhi Bwana Nathanieli mwenyewe, na aeleze mbele ya majirani wale wale. Alieleza yote. Bwana Nathanieli akaitazama picha.

"Basi," alisema. "Fundi utalipwa." Akaingia ndani. Hakuomba radhi.

"Fundi, nisamehe," Salha alisema.

"Nimesikia," Ezekia alijibu, akaendelea kuosha mwiko. "Lugarawa hawatanirudia."

Nje ya lango kibarua mmoja aliita, "Fundi Mweupe, kesho tunaanza saa ngapi?"

Salha akaanza kulia. Nasiri akampa shuka abebe.

"Kufungua kamera ni kosa la mtoto," alisema. "Nilipokuuliza, ufa ulikuwa bado ukutani. Ungesema kweli, ningepiga picha nyingine palepale. Ulisema salama ili kuokoa heshima yako, ukatumia ya Ezekia. Ukikosea, sema wakati kosa bado linarekebishika. Ukichelewa, atakayelipa ni mwingine."