Hongera ya Denmark

"Hongera kwa mkeo," shangazi Tjitske alimwambia baba yake Sietse, akampa mkono. Kwetu, siku ya kuzaliwa ya mtu, hongera hupewa kila aliye wake, si yeye peke yake. Akasogea kwenye kiti cha pili. "Hongera kwa mama yako, Sietse." Akafika kwangu, mkono wake bado una baridi ya nje. "Hongera kwa mama mkwe wako, Hiske. Na hongera kwa Denmark!"

"Denmark ya nini, shangazi?"

"Si mnahamia? Kipa wetu kapata timu bwana! Mama yake kaniambia wiki iliyopita. Au... ilikuwa siri?"

Viti vilikuwa vimepangwa duara kama kila sherehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyenipa mgongo. Wote walinitazama usoni. Sietse alikuwa anatazama keki yake.

"Asante, shangazi," nikasema.

Ningesema nini? Siku ilikuwa ya mama yake. Na kwetu huwezi kuinuka kwenye duara kahawa ya pili haijamiminwa. Nikabaki na sahani magotini, nikaila ile keki yenye sukari ya pinki kijiko kwa kijiko, nikasikiliza habari za ng'ombe wa jirani walioumwa kwato, na za timu yetu inavyofungwa kila wiki.

Kwenye gari ndipo nilipouliza.

"Ni kweli?"

"Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini?"

"Msimu ukiisha."

Msimu ukiisha. Maneno hayo nilianza kuyasikia Agosti. Tutatafuta nyumba, msimu ukiisha. Tutapumzika visiwani, msimu ukiisha. Sietse, mchumba wangu, alikuwa kipa wa akiba, mimi mfua jezi wa timu hiyo hiyo. Jumamosi basi linaondoka, Jumatatu mashine zinanguruma. Jezi za wengine hurudi na matope na majani. Ya Sietse hurudi safi, imekunjwa vile vile nilivyoikunja mimi. Lakini kila kilichopanda basi lazima kifuliwe. Basi nikawa naifua jezi safi, naianika, naikunja, wiki baada ya wiki. Ilifika mahali nikaona hata kumpenda kwangu ni kazi ya aina hiyo.

"Mama yako alijua. Shangazi yako alijua. Yule anayewasaidia kukamua ng'ombe, naye alijua?"

Akafuta ukungu wa kioo kwa kiganja.

"Sietse, alijua?"

"Nadhani alijua."

"Basi hata ng'ombe wamenitangulia."

"Niliogopa utakataa, Hiske. Mama yako yuko hapa, kazi yako iko hapa..."

"Umejuaje nitakataa, na hujaniuliza?"

"Nisikilize kwanza."

"Simamisha gari."

"Mvua inanyesha!"

"Nina koti."

Nikashuka, nikatembea kando ya mfereji mpaka kwetu. Hakunifuata. Alibaki ndani ya gari na taa zimewaka, mtu aliyezoea kukaa benchi.

Baada ya siku ile ya Februari tuliongea kwa simu tu, ujumbe mfupi mfupi.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Naomba tuonane."

"Soksi zako zimetoboka. Nimekuwekea mpya."

Timu nayo ikawa inateremka kama maji ya bomba bovu. Leo sare, kesho kipigo. Kocha alinyamaza, mashabiki wakachoka hata kuzomea. Ikabaki mechi ya mwisho, nyumbani, tushinde au tushuke daraja. Alhamisi, mazoezini, kipa namba moja akavunjika kidole.

Asubuhi ya mechi simu yangu ikalia, ujumbe wake.

"Leo nacheza. Naogopa."

Nikakaa nayo mkononi. Halafu nikaandika: "Glovu zako za zamani ndizo unazozipenda. Ziko kabati la juu."

Niliitazama nikiwa mlangoni pa chumba cha kufulia, pale unapoona goli moja tu. Kipindi cha pili goli hilo likawa la Sietse. Alidaka mpira ambao uwanja mzima ulishauita bao. Akapangua mwingine kwa ncha za vidole. Tulikuwa sare, bao moja kwa moja, na mbele wenzake hawakuweza kufunga. Dakika za mwisho ikapigwa kona, watu wakarukiana, mpira ukamgonga mtu begani ukaingia. Sietse akabaki amekaa kwenye mstari kama mtu aliyekosa treni ya mwisho.

Tukashuka. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikunja skafu zao wakaenda kutafuta baiskeli zao.

Wachezaji wengine walitupa jezi kwenye kapu. Yeye aliileta ya kwake mkononi.

"Samahani. Ni chafu."

"Kwa mara ya kwanza nina kazi na wewe."

Akacheka kidogo, akakaa juu ya kreti.

"Denmark wamepiga simu. Nimewaambia sina jibu."

"Kwa nini?"

"Sijamuuliza mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Hiske, usinifanyie hivyo."

"Nakuuliza kweli. Mimi tangu Februari sijui."

Akaangalia vidole vyake, vilikuwa vimevimba.

"Nikuulize sasa?"

"Sasa timu imeshuka, unanuka jasho, na mimi nimechoka. Nenda ukaoge, Sietse."

Wiki mbili baadaye ikawa siku yangu ya kuzaliwa. Kwetu mtu haalikwi, anayekumbuka anakuja. Kengele ikalia, mama akafungua.

"Umepotea njia?" nikamsikia mama.

"Hapana, mama."

"Haya ingia. Kimebaki kiti cha kukunja."

Akazunguka duara akiwa ameinama, maana ni mrefu kama mlango. "Hongera kwa binti yako, mama. Hongera kwa dada yako, Wybren." Akafika kwangu. "Hongera, Hiske."

"Asante."

Yeye hakupewa hongera na mtu. Waliokuja nyuma yake walimpa mkono mkavu na "habari" tu, wakapita. Alikaa kando ya mlango wa choo, kila aliyekwenda haja akaruka miguu yake. Keki magotini, hajaigusa.

"Kipa, daka kahawa," kaka yangu Wybren akamwambia. "Usiogope, hii haina kona."

Watu wakacheka. Sietse naye akacheka, masikio mekundu, akaipokea kahawa. Nikamtazama. Hakuangalia saa. Hakuangalia simu. Kahawa ya pili ikamiminwa, yeye akabaki.

Ndipo akaingia bibi yangu. Bibi masikio yake mazima na kusamehe hajui. Akaanza kuzunguka, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiti cha kukunja. Akasimama.

"Na huyu? Nimpe hongera ya nini?"

Mama akanitazama. Duara zima likanitazama. Sietse akaweka sahani sakafuni, akainuka.

"Hata mimi sijui, bibi. Nimekuja kuuliza."

"Uliza basi, miguu inaniuma."

"Hiske, Denmark wanataka jibu kesho. Ukisema twende, tunakwenda. Ukisema tubaki, nabaki na timu yetu daraja la pili, benchi lile lile. Ukisema niondoke, kiti nakikunja mwenyewe. Lakini jibu litoke kwako, wengine wote walisikie baada yangu."

"Unaniuliza mbele ya watu wote hawa?"

"Uliaibishwa mbele ya watu, kwa kosa langu. Na mimi nikae mbele ya watu."

Kijiko cha mtu kiligonga kikombe. Nilikuwa nimechoka. Nimechoka kukasirika, nimechoka kuandika habari za soksi, nimechoka kupita kwenye kabati lake la klabuni bila kunusa jezi yake.

"Mpe, bibi," nikasema. "Hongera ya kwangu."

Bibi akamshika mkono wenye vidole vilivyoumia akautikisa mpaka Sietse akakunja uso. "Hongera kwa Hiske."

Mama akafuata. Wakafuata wote mmoja mmoja, wanarudia mzunguko upya, Wybren wa mwisho.

"Hongera kwa dada yangu, kipa. Sasa tuambieni, Denmark au benchi?"

"Hilo nitamwambia yeye kwanza," nikasema.

Nilimjibu jikoni, yeye anaosha sahani, mimi nafuta. Julai tukahamia Denmark. Shangazi Tjitske ndiye aliyeambiwa wa mwisho.